Malalamiko kuhusu balbu na tepe za LED zisizolingana na maelezo ya mauzo

Mkomani, Lamu

Kwa Meneja wa Mauzo

Bwana/Bibi,

KUH: TAA ZA JUKWAANI TULIZONUNUA KWENU

Ninaandika kwa niaba ya kikundi chetu cha maigizo kulalamikia balbu na tepe za LED mlizotuuzia, ambazo hazilingani na maelezo mliyotupa kwa maandishi kabla hatujalipa.

Tunaigiza katika ua wa nyumba ya mawe, na watazamaji wa mbele huketi hatua chache tu kutoka kwa waigizaji. Taa za juu ni chache, kwa hivyo sehemu kubwa ya mwanga hutoka kwa taa zinazoonekana ndani ya mchezo wenyewe: kandili iliyo mezani, fanusi inayobebwa mkononi, na balbu zilizofichwa ndani ya zidaka za ukuta wa mandhari. Mama anaposhusha utambi wa kandili, mwanga wa chumba kizima hushuka pamoja na mkono wake, huku fundi akimfuata kwa dima, kifaa cha kupunguza na kuongeza mwanga, nyuma ya pazia. Taa ya namna hiyo inaigiza sawa na mtu, na ikikosea, kila mtu anaona. Moto wa kweli hatuutumii, kwa kuwa mabuibui na mapazia hupita karibu mno.

Tuliagiza balbu za Kelvini 2700 (kipimo cha rangi ya mwanga: namba ndogo ni umanjano, kubwa ni weupe), zinazoweza kufifizwa kwa dima. Masanduku yameandikwa hivyo, lakini kwenye shingo za balbu zenyewe pamechapishwa 6500. Mwali wa mshumaa una takriban Kelvini 1900, na balbu ya zamani ya waya takriban 2700. 6500 ni weupe wa mchana wenye mawingu, na ukuta wetu wa chokaa umegeuka kama wa zahanati. Zaidi ya hayo, dima yetu hufanya kazi kwa kukatakata wimbi la umeme wa volti 240, na balbu ya LED ambayo saketi yake haikuundwa kwa dima haiwezi kulifuata wimbi hilo. Zenu zilipepesa, kisha zikazimika ghafla katikati ya mazungumzo.

Kuhusu fanusi, mhudumu wenu alitupendekezea utepe wa LED, yaani ukanda wenye taa ndogo ndogo, wa volti 12 na kasha la betri 8 za AA za kuchaji. Betri za kuchaji za aina mliyotuuzia hutoa volti 1.2 kila moja, yaani 9.6 kwa jumla. Zile za kutumia na kutupa, zenye volti 1.5, ndizo zinazofika 12. Utepe ulikuwa hafifu tangu dakika ya kwanza, na hesabu hiyo ingepaswa kufanywa dukani.

Jibu lenu la simu, kwamba tufunike balbu kwa karatasi ya rangi, halikutusaidia. Karatasi hupunguza weupe lakini humeza mwanga pia, haiponyi kupepesa, na ndani ya kandili iliyofungwa huzuia joto linalotoka kwenye kitako cha balbu, penye saketi.

Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa pamoja na maelezo anayohitaji ili anufaike nazo. Kwa msingi huo tunaomba, ndani ya siku 14, mtubadilishie balbu zote kwa zenye Kelvini 2700 zilizojaribiwa kwa dima mbele ya fundi wenu, mtupe chanzo cha umeme kinachofikisha volti 12 kwa utepe, na mgharamie usafirishaji wa kwenda na kurudi, ikiwemo boti ya kutoka Mokowe. Tunaomba pia masanduku yaliyobaki ghalani yakaguliwe kabla hayajauzwa kwa wengine, maana vikundi vidogo vya pwani havina fedha za kununua taa mara mbili.

Nimeambatisha nakala ya risiti, maelezo yenu ya maandishi na picha za shingo za balbu. Mzigo umefungwa tayari, unasubiri maagizo yenu ya kuurejesha.

Wako mwaminifu,

Msimamizi wa jukwaa