Kuichelewesha jeli

Mpendwa Zuhura,

Habari za siku nyingi? Barua yako nimeipata. Unashangaa kwa nini tunahangaika hivi na kemikali ya kushikanisha jeli, inayotiwa kidogo tu kwenye maji ya kupasulia miamba ya visima vya mafuta na gesi. Umegusa penyewe.

Unga wa guari, yaani wa mbegu za mmea huo, ukiukoroga majini unapata ute mzito kiasi, ila mchanga tunaoupeleka chini kuzuia ufa usijifunge bado utatuama. Ndipo tunapotia borati, chumvi ya boroni. Inashika vikundi vya haidroksili (oksijeni na haidrojeni) vya mnyororo mmoja wa guari na wa jirani yake, na ute wote unageuka jeli. Kuitazama raha! Blenda inazunguka, katikati kuna shimo. Unadondosha borati, shimo linapungua, linajaa, mwisho juu panatuna. Inamisha bika, jeli inaning'inia ukingoni kama ulimi. Isimamishe, inarudi yote ndani.

Kuishikanisha si kazi. Kazi ni kuichelewesha. Ikiwahi, msuguano bombani unazielemea pampu. Ikichelewa mno, mchanga unatuama kabla ya kuingia kwenye ufa. Mimi napenda madini ya borati yanayoyeyuka polepole, kama yulexiti, kwa kuwa boroni inatoka kidogo kidogo. Halafu kuna pH, kipimo cha asidi na alkali: asidi ya boriki yenyewe haishiki kitu, kinachoshika ni ayoni ya borati (chembe yenye chaji), nayo inahitaji pH ya 8.5 hivi au zaidi. Joto likipanda ayoni hizo zinapungua, ndiyo maana kisima cha moto hudai pH ya juu zaidi.

Wenzangu wanaisifu zirkoniamu, metali inayoshikanisha jeli badala ya borati, na kweli kwa joto inaishinda borati. Lakini vifungo vyake vikishakatwa na msukosuko wa bombani, basi tena. Vya borati hujiunga upya. Kwa hiyo zirkoniamu hufungwa kwanza na kemikali kama lakteti au trietanolamini, isifanye kazi mpaka ikutane na joto la huko chini kisimani.

Kuivunja jeli baadaye ni kazi ya kemikali iitwayo persalfeti au vimeng'enya, ambavyo huikata minyororo yenyewe ili maji yatoke, mchanga ubaki.

Wewe kabla hujachagua chochote, pima maji. Bikaboneti, chumvi zilizoyeyuka majini, zikiwa nyingi, pH inakataa kupanda. Na maji yaliyotoka kisimani mara nyingi yana boroni yake tayari, kwa hiyo jeli inaweza kukushikania kwenye tangi hujatia kitu. Nitumie vipimo hivyo viwili, pamoja na joto la kisima, nikupimie kiasi cha kuanzia.

Wasalimie wote hapo.

Wako,
Mwanaidi