Huduma ya dalali wa majengo si bure kwa mpangaji

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lako miaka mingi na sijawahi kukuandikia. Yapo yaliyoniudhi nikayaacha yapite. Ripoti yenu ya madalali wa majengo ya biashara imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wenu amezunguka na madalali, amepiga nao picha mbele ya majengo ya vioo, ameeleza jinsi wanavyowaunganisha wauzaji na wanunuzi, wenye majengo na wapangaji, kisha akatushauri tunaotafuta ofisi, duka au ghala tuwatumie bila wasiwasi kwa sababu kwetu huduma hiyo ni bure: kamisheni inalipwa na mwenye jengo. Katika ripoti nzima hakuna mpangaji hata mmoja aliyehojiwa.

Si bure. Kamisheni ya kupangisha jengo la biashara mara nyingi hukokotolewa kwa asilimia ya kodi ya kipindi chote cha mkataba, au kwa kodi ya miezi kadhaa. Ni kweli mwenye jengo ndiye anayeitoa, lakini anaijua kabla wewe hujafika na ameshaiweka kwenye hesabu ya kodi atakayokutajia. Kwa hiyo unailipa wewe, kidogo kidogo, hadi mkataba uishe. Na kwa kuwa ni asilimia, kodi ikipanda dalali anapata zaidi, mkataba ukirefuka anapata zaidi. Ukifanikiwa kuishusha kodi, na yeye anapungukiwa. Hilo ndilo swali ambalo mwandishi wenu hakuliuliza: huyu mtu anayekutembeza kwenye majengo anamfanyia kazi nani?

Nasema kwa yaliyonikuta. Nilikuwa nahamisha kiwanda changu kidogo cha uchapaji, nikamweleza dalali ninachohitaji: sakafu inayobeba mashine nzito, umeme wa fezi tatu, mlango mpana wa kupitisha paleti za karatasi. Alinisikiliza vizuri, akaandika kila kitu, akaniambia nitulie, yeye ni mtu wangu na atambana mwenye jengo mpaka ashuke. Mtu akikwambia hivyo unamfungulia moyo. Nikamweleza mkataba wangu wa zamani unaisha lini, nina kazi kubwa kiasi gani inayosubiri mashine, na kiwango cha juu kabisa cha kodi ninachoweza kukimudu. Rasimu ya mkataba mpya ilipoletwa, kodi iliyoandikwa ilikuwa ileile niliyomtajia kuwa ndiyo mwisho wangu, haikupungua hata senti. Ukurasa wa mwisho, chini ya nafasi za saini za mashahidi, palikuwa na mstari wenye jina la kampuni yake, na mbele yake, kwa herufi ndogo kuliko za mkataba wote, maneno haya: “wakala wa mwenye jengo”. Nilipomuuliza alinijibu kwamba ndivyo fomu zao zilivyo na kila mtu anasaini. Nami nilisaini, kwa sababu mkataba wa zamani ulikuwa ukingoni na mashine ilikuwa lazima zihame, na yeye alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote, maana nilimwambia mwenyewe nikidhani nazungumza na mtu wangu.

Halafu yakaja ya mita za mraba. Mkataba unasema 180. Fundi wangu alipoingia na tepu kuweka alama za mahali pa mashine, akipima ukuta hadi ukuta, alipata 146. Akapima upya, 146. Mashine ya kukatia karatasi ikakosa mahali. Nilipokwenda kwa dalali akanieleza, kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kulieleza jambo hilo mara nyingi, kwamba eneo linalotozwa kodi si eneo ninalolitumia: linajumlisha fungu langu la mapokezi, korido, vyoo na chumba cha mitambo. Ndugu Mhariri, najua kwamba huo ni utaratibu unaojulikana duniani. Marekani, chama cha wamiliki na wasimamizi wa majengo, BOMA, kilitoa kanuni zake za kwanza za kupima ofisi mwaka 1915. Mwaka 2014 zikatoka kanuni za kimataifa za kupima ofisi, IPMS, kwa kuwa jengo lilelile lilikuwa likipewa ukubwa tofauti kulingana na nchi na mpimaji. Kwa hiyo silalamikii kuwepo kwa vipimo viwili. Nalalamika kwamba dalali alivijua vyote viwili siku ile tumesimama katikati ya chumba kile kitupu, mimi nikimwonyesha kwa mkono mashine ipi itakaa wapi, naye akitikisa kichwa kukubali. Alijua kuwa nahesabu kwa 180. Alijua nitakuta 146. Na hasara haiishii kwenye kodi, kwa sababu gharama za usafi, ulinzi, lifti, bima na matengenezo ya jengo nazo zinagawanywa kwa wapangaji kwa kipimo kilekile kikubwa, na nyongeza ya kila mwaka inapandia juu ya hapo. Karibu moja ya tano ya eneo ninalolipia ni mahali ambapo siwezi kuweka hata rimu moja ya karatasi, na nitalilipia mpaka siku ya mwisho ya mkataba. Ripoti yenu haikuwa na nafasi ya mstari mmoja kumwonya mtu juu ya hili?

Sisemi madalali wote wako hivyo. Mwenzangu katika uchapaji alimpata wa kweli. Kabla ya kwenda kutazama jengo lolote walisaini makubaliano kwamba dalali yule anamwakilisha mpangaji, basi. Akamlinganishia majengo matatu na kuwafanya wenye majengo washindane. Akamwombea muda wa kukaa bila kodi wakati wa kufunga mashine, akaiwekea nyongeza ya kodi kikomo, akaweka kifungu cha kutoka mapema biashara ikizorota, akataka hesabu za gharama za jengo za miaka ya nyuma. Jambo ambalo wengi hawalioni mpaka siku ya kuhama, yaani wajibu wa kulirudisha jengo kama lilivyokuwa, alilipunguza likabaki kupaka rangi na kuziba matundu. Na dalali huyo naye alilipwa kutoka kwenye kamisheni ya mwenye jengo, wakagawana na dalali wa upande wa pili, kama inavyofanyika mahali pengi. Fedha ilitoka mfuko uleule. Tofauti ilikuwa ile karatasi iliyosema yeye ni wa nani.

Wenzetu wameshaliona. Huko California, tangu Januari 2015, dalali wa majengo ya biashara anatakiwa na sheria kumweleza mteja kwa maandishi anamwakilisha nani, wajibu ambao zamani uliwahusu wa nyumba za kuishi. Uingereza, chama cha wataalamu wa ardhi na majengo, RICS, kimewakataza wanachama wake tangu Januari 2018 kuwashauri mnunuzi na muuzaji kwa pamoja katika mauzo ya majengo ya biashara ya wawekezaji. Wakili hasimami mahakamani kumtetea mlalamikaji na mlalamikiwa katika kesi moja. Kwa nini dalali aruhusiwe? Mshika mawili moja humponyoka, na katika biashara hii linaloponyoka ni la mgeni, kwa sababu mpangaji anakuja mara moja katika miaka mingi, ilhali mwenye jengo ana vyumba vingine vya kupangisha mwezi ujao.

Na kwa kuwa nimeshaanza, nizungumzie pia matangazo ya majengo yanayouzwa, hasa yale mnayoyachapa ninyi wenyewe. Kila tangazo linaahidi faida ya asilimia fulani kwa mwaka. Faida ya nini? Hesabu halali ni mapato halisi ya mwaka, baada ya kutoa gharama za uendeshaji na vyumba vitupu, yakigawanywa kwa bei. Chukua jengo ambalo likijaa linaingiza 100. Toa 10 za vyumba visivyo na watu, toa 30 za ulinzi, bima, matengenezo na kodi za serikali, zimebaki 60. Mnunuzi anayetaka faida ya asilimia 8 atalilipia 750. Lakini dalali wa muuzaji akitangaza zile 100 kana kwamba ndizo zinazoingia mfukoni, mnunuzi huyohuyo atafikishwa kwenye 1,250 na atadhani amepata bei nzuri. Dada yangu alinunua jengo kwa orodha ya wapangaji aliyopewa na dalali wa muuzaji. Orodha ilikuwa safi, imepangwa kwenye jedwali, kila fremu na kodi yake. Haikusema kwamba wawili walishatoa notisi ya kuhama, wala kwamba mwingine alikuwa ndani ya miezi ya bure aliyopewa ili fremu isionekane tupu. Angekuwa na dalali wake, kabla ya kulipa chochote angedai barua kutoka kwa kila mpangaji, aandike mwenyewe analipa kiasi gani, amelipa hadi lini na mkataba wake unaisha lini. Dalali huyo angempeleka na kwa msajili wa ardhi kuona kama hati ina mkopo juu yake. Dada yangu aliambiwa kuna wanunuzi wengine wawili wanaosubiri, akaharakishwa. Hao wawili hakuna aliyewahi kuwaona.

Ninachopendekeza ni hiki. Kabla dalali hajachukua ufunguo kwa mlinzi, mteja apewe karatasi moja, isizidi ukurasa mmoja, herufi zake zisiwe ndogo kuliko za vichwa vya habari vya gazeti hili. Iwe na mambo manne tu: ninamwakilisha nani, nani ananilipa na kwa asilimia ngapi, eneo la ndani ya kuta ni mita ngapi, eneo litakalotozwa kodi ni mita ngapi. Kwa jengo linalouzwa, mistari miwili ya mwisho iwe mapato yaliyoingia mwaka uliopita na gharama zilizotoka. Nakala zisainiwe tatu, moja ibaki kwa mteja. Bila saini, mlango usifunguliwe.

Wenye mamlaka ya kutunga sheria watachelewa, nalijua hilo. Gazeti lako halihitaji kuwasubiri. Kuanzia toleo lijalo, mnaweza kukataa tangazo lolote la jengo la biashara lisilotaja vipimo vyote viwili na jina la upande ambao dalali anausimamia. Mtapoteza matangazo kadhaa mwanzoni. Na mwandishi wenu arudi kazini, safari hii aanze na wapangaji ambao mikataba yao imeisha na wanadaiwa gharama za kulirudisha jengo katika hali yake ya awali. Mimi niko tayari kumpa mkataba wangu ausome, kurasa zote pamoja na ule wa mwisho.

Wako,
Mpangaji, mwenye kiwanda cha uchapaji