Mama, huyu si simba wa Rufiji

Placerville, California
Jumapili, 17 Novemba 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo na wewe Mjomba, najua uko hapo mkekani unajifanya husikilizi. Ramadhani, soma taratibu na usiruke mistari kama ulivyofanya kwenye barua ya Idi. Mimi huku sijambo, mafua yameisha, wasiwasi ni juu yenu tu. Vuli imeshika? Goti la Mama linaendeleaje?

Naandika kwa sababu ya ile simu ya Jumatano. Niliwatumia ile video ya mnyama aliyepita barazani kwetu usiku, nikidhani mtastaajabu kidogo, basi. Ramadhani akatafsiri jina la mnyama neno kwa neno, "simba wa milimani". Mama ukasikia "simba", milima hukuisikia, ukaangua kilio na kuniambia nipande ndege kesho yake. Nikataka kueleza, lakini mlikuwa mnasema watu watano kwa mpigo, na vocha ikakata. Barua haikatizwi na mtu.

Huyu si simba, Mama. Wazungu wa huku wana majina chungu nzima ya mnyama huyu, na mojawapo ndilo hilo la simba wa milimani, lakini mimi nitamwita puma. Hana manyoya ya shingoni, hatembei kundi, wala hangurumi. Akifurahi anakoroma kama paka wako wa jikoni, na jike akitafuta dume hupiga yowe kama mwanamke anayepigwa. Usiku wa kwanza nilipolisikia nilitoka kitandani nikaanza kutafuta viatu nikamwamue mtu na mumewe. Duma ni mmoja wa ndugu zake wa karibu, ila mwenendo wa puma ni wa chui: yuko peke yake, anavizia, anarukia mgongoni na kuuma shingoni, na mbwa wakimkurupusha anapanda mti. Mfikirie chui aliyefuliwa madoa yakatoka yote. Dume ana kilo kama 60 hivi, jike 40. Simba dume wa kwetu ni mara tatu yake.

Sasa ile video. Ilikuwa saa tisa kasoro usiku. Anatokea upande wa bomba, anapanda barazani, anakanyaga kile kizulia cha mlangoni na hakisogei hata kidogo. Anasimama. Anageukia kamera, macho yanawaka kama sarafu mbili, halafu anashuka ngazi kuelekea kwenye miti ya maepo. Mkia wake mnene unachelewa kumfuata, ncha yake nyeusi kama imechovywa kwenye wino. Sekunde kumi na moja tu. Mimi nilikuwa nimelala upande wa pili wa ukuta huo, na asubuhi nilitia udhu bila kujua lolote. Baadaye nikakuta unyayo kwenye tope chini ya bomba, upana wake kama kiganja changu. Hauna alama za kucha, maana anazificha. Ukiona kucha, huyo ni mbwa.

Alifuata nini? Hapo ndipo nataka Mjomba asogee karibu.

Bibi ninayemtunza, ana miaka 84, alikuwa kila jioni anawamwagia kulungu maepo na mahindi uani. Eneo hili ni la maepo. Vilima vya hapo juu vinaitwa Apple Hill, na vuli watu wanatoka miji ya mbali kuja kununua. Kulungu wa huku wana masikio kama ya punda. Walikuwa wanakuja wanane, kumi, siku nyingine kumi na wawili, wanakula karibu na kiti chake cha magurudumu, naye anawaita majina ya wadogo zake waliokufa. Mimi nilikuwa namsukuma hadi uani na kumbebea ndoo. Nisingekuwa mkweli nikisema sikufurahi.

Lakini puma chakula chake kikuu ni kulungu. Siku mbili baada ya ile video nikaona kunguru na tai mzoga wakizunguka nyuma ya kibanda cha kuni. Nikaenda, saa sita mchana, na fimbo. Kulikuwa na kichuguu cha majani makavu ya mwaloni na sindano za misonobari, kimekusanywa vizuri kama mtu kafagia. Kwato moja imechungulia. Ndivyo anavyofanya: akishiba anaufukia mzoga na kuurudia siku kadhaa mpaka uishe. Na mara nyingi yeye mwenyewe yuko hapo hapo karibu, amelala kichakani, anakuangalia. Nilirudi kinyumenyume, Mama, na sikumbuki kama nilipumua.

Kumbe mimi na Bibi tulikuwa tumefungua mgahawa.

Mjomba, si ndiyo yale yale ya nguruwe pori? Nguruwe wanafuata mpunga, simba anafuata nguruwe, na katikati yao kuna mtu amelala kwenye dungu lenye kuta za makuti. Ulikuwa unayasema hayo kila msimu wa kwenda ng'ambo ya mto, watu wakakucheka wakisema simba wale wametumwa. Mimi mwaka ule wa simba mla watu nilikuwa na miaka tisa. Nakumbuka saa kumi na mbili jioni mlango umefungwa na kinu kimeegemezwa, na haja ndogo ni kwenye kopo. Yule simba wa Rufiji waliyemwita Osama alimaliza watu zaidi ya 30 kabla hajauawa Aprili 2004. Nimekuja kusoma huku kwamba walipomkagua walimkuta gego limepasuka na chini yake limejaa usaha. Nimesoma pia kuwa watafiti walihesabu Watanzania wasiopungua 563 waliouawa na simba kati ya 1990 na 2004, wengi wao kusini na pwani yetu. Na sababu kubwa waliyoiandika wasomi hao ni hiyo hiyo yako: nguruwe wanawalazimisha wakulima kulala shamba. Wewe hukupewa shahada, pole.

Ndiyo maana naelewa kwa nini Mama ulilia. Lakini sikia hesabu ya huku. California ina watu karibu milioni 39, na puma inakadiriwa wako zaidi ya elfu tatu. Mwezi Machi mwaka huu puma aliua mtu, na huyo alikuwa wa kwanza katika jimbo zima baada ya miaka 20. Sitakuficha, maana Ramadhani atalikuta kwenye simu: ilikuwa kaunti hii hii tunayokaa, jirani na Georgetown. Ndugu wawili, mkubwa miaka 21, mdogo 18, walikwenda kuokota pembe za kulungu zilizodondoka. Mdogo alipambana naye, akajeruhiwa vibaya usoni, akapona. Kaka yake hakupona. Mnyama alitafutwa akauawa siku ile ile. Watu wa hapa bado wanaliongea kwa sauti ya chini dukani, na wapo wanaodai mbwa wa kuwinda waruhusiwe kuwakimbiza puma ili wajifunze upya kumwogopa binadamu. Mimi sina la kuwaambia. Mama wa vijana wale ana haki ya kusema lolote.

Kwa hiyo mimi nafanyaje? Wakati wa puma ni alfajiri, magharibi na usiku, hivyo sitoki peke yangu saa hizo. Sanduku la barua liko barabarani, kama mita mia mbili. Naliendea mchana, bila vile vidude vya masikioni. Taa ya nje inajiwasha yenyewe kitu kikipita. Vichaka vya karibu na baraza nimevifyeka, panga nililinunua hapa, la kwao jepesi halina maana. Nikikutana naye sikimbii. Kukimbia ni kumwambia "mimi ni kulungu". Sichuchumai wala siinami kuokota kitu, kwa sababu mtu aliyeinama anafanana na mnyama wa miguu minne. Namkazia macho, napiga kelele, namrushia nilicho nacho, narudi nyuma polepole na kumwachia njia ya kuondokea. Ukiwa na mtoto, unambeba bila kuinama sana, unamweka begani. Na akikurukia unapigana, huna kujifanya maiti: fimbo, jiwe, ngumi ya macho. Watu wamepona hivyo.

Wanasema pia ujikuze, ufungue koti juu ya kichwa uonekane mkubwa. Mimi nina kanga uliyonifunga siku ile uwanja wa ndege. Naivaa mabegani kila nikienda sandukuni. Juzi nilifanya mazoezi uani, nimeitandaza juu kwa mikono miwili, napiga kelele kwa Kindengereko, Bibi akanichungulia dirishani akacheka mpaka nikahofia moyo wake.

Aliyeumia ni jirani yetu wa upande wa juu. Wiki iliyopita puma aliingia kwenye zizi lake akaua mbuzi watatu, akala mmoja tu. Uzio ulikuwa wa waya, unanifika kifuani, juu wazi. Kwa mnyama anayeweza kuruka zaidi ya mita nne kwenda juu, huo ni kizingiti cha mlango. Kwa sheria ya huku, mtu akiuliwa mifugo anapeleka ombi idara ya wanyamapori ya jimbo, ofisa anakuja kuangalia alama za meno na nyayo, akithibitisha anatoa kibali cha kumuua mnyama huyo. Kule kusini, milima ya karibu na Los Angeles, ambako wamebaki wachache na barabara zimewafungia ndani mpaka wanazaana ndugu kwa ndugu, hupati kibali hicho mpaka kwanza ujaribu kumfukuza na kurekebisha zizi. Huku kwetu jirani alipata, akatega, mnyama hakurudi. Sikumlaumu. Nani kati yenu angemlaumu, na mbuzi ni mali?

Ila sasa amefunika zizi kwa waya hadi juu, na amenunua taa zinazowaka na kuzimika usiku kucha bila mpangilio, mnyama adhani kuna mtu anazunguka na tochi. Alinionyesha kama kitu kipya. Nikamwambia, taa kama hizo alizitengeneza mtoto wa Kimasai wa Kitengela, Richard Turere, alianza akiwa na miaka 11, kwa betri kuukuu ya gari na balbu za tochi mbovu, kulinda ng'ombe wa baba yake na simba wa Hifadhi ya Nairobi. Hakuniamini, tukatafuta kwenye simu, akanyamaza kidogo. Jioni akaniletea asali.

Mjomba utashangaa: si kila wakati watu wa hapa waliwahurumia puma. Kuanzia 1907 hadi 1963 serikali ya hapa ilikuwa inalipa fedha kwa kila puma aliyeuawa, na puma waliolipiwa hivyo ni zaidi ya elfu kumi na mbili. Mwaka 1972 uwindaji wa kujifurahisha ukasimamishwa, na 1990 wananchi wakapiga kura kabisa, kura ya kwenye sanduku, kwamba asiwindwe tena. Walijaribu kuibadilisha 1996, wakashindwa. Huko Los Angeles puma mmoja aliyeitwa P-22 alivuka barabara kuu mbili akaishi karibu miaka kumi kwenye bustani kubwa ya katikati ya jiji. Alipokufa Desemba 2022 walimfanyia kumbukumbu, maelfu ya watu, ukumbi ukajaa. Sasa wanajenga daraja la wanyama juu ya barabara ya njia kumi, lipandwe miti na majani, puma wapite. Nilifurahi kulisoma. Halafu nikawakumbuka wale thelathini na zaidi wa kwetu, nikajiuliza nani aliwajazia ukumbi, nikaizima simu.

Turudi kwa Bibi. Nilimwambia asimwage tena maepo. Kwanza ni kosa kisheria hapa kulisha kulungu, ofisa alishatuambia kwa upole. Bibi akakasirika, siku mbili hakunisemesha, uji wangu akausukuma. Siku ya tatu nikamkalisha nikamsimulia habari za dungu, kinu mlangoni, na kopo. Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Na nguruwe je, mliwafanyaje?" Nikamwambia tulipiga madebe usiku kucha. Akasema, basi niletee debe.

Sasa kila jioni, kabla ya magharibi, tunakaa barazani mlango ukiwa wazi nyuma yetu, naye anapiga sufuria kwa mwiko. Kulungu wanasimama kwenye miti, masikio juu, hawaelewi wamekosa nini. Juzi walikuwa sita. Jana wawili. Anawapigia huku machozi yanamtoka, lakini anapiga. Puma hajaonekana tena kwenye kamera, na ule mzoga aliumaliza. Imebaki mifupa na ngozi ya kichwa.

Shida iliyobaki ni maepo. Nayaokota yote chini ya miti kama ofisa alivyoshauri, na jikoni kuna ndoo nne zimejaa. Nimejaribu kuyapika kama maboga ya nazi, si mabaya, ila Bibi anasema nimeyaharibu. Mama, kama kuna namna ya kuyakausha kama tunavyokausha maembe, nieleze Jumatano. Na safari hii aongee mtu mmoja mmoja.

Ramadhani, pesa ya dawa ya goti nimetuma jana, ukaichukue kwa wakala asubuhi.

Mwanao,
Mwajuma