Barua ya wazi kwa Msajili wa Baraza la Famasi: Flagyl kwa anayemeza warfarini

Ndugu Msajili,

Naomba wauzaji wa maduka ya dawa muhimu waagizwe kuuliza swali moja kabla ya kutoa Flagyl: "Kuna dawa unayomeza kila siku?"

Dada yangu ana valvu bandia ya chuma moyoni, ile ya mitrali (kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo), kwa hiyo atameza warfarini maisha yake yote ili damu isigande. INR yake, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha inavyochelewa kuganda, inatakiwa iwe kati ya 2.5 na 3.5. Tumbo lilipomvuruga alikwenda duka la mtaani, akapewa Flagyl kwenye bahasha iliyoandikwa 2x3 kwa kalamu. Hakuulizwa kitu. Siku chache baadaye fizi zikawa zinavuja damu kila akipiga mswaki, kisha mkojo ukawa mwekundu. INR ilikuwa imepanda mno. Bahati yake aliwahi kliniki.

Warfarini hakuzidisha hata nusu kidonge. Ini ndilo lililopunguziwa kasi. Warfarini ni mchanganyiko wa maumbo mawili, na lile lenye nguvu zaidi huvunjwa na kimeng'enya ambacho Flagyl hukizuia. Kidonge cha warfarini cha jana hakijatoka mwilini, cha leo kinaingia juu yake. Mgonjwa ataapa kwamba amemeza kama alivyoelekezwa, na anasema kweli! Septrin hufanya hivyo hivyo, na flukonazoli ya fangasi pia.

Muuzaji simlaumu sana. Maduka haya ya dawa muhimu, tangu mpango wake uanze Ruvuma mwaka 2003, yamewasogezea dawa watu walio mbali na hospitali. Ila muuzaji haioni kadi ya kliniki, na mgonjwa hajui kama dawa ya tumbo inahusiana na moyo wake.

Jibu likiwa warfarini, basi mgonjwa apewe ORS na aelekezwe kliniki. Zipo nyakati Flagyl haiepukiki, lakini hapo daktari hupunguza warfarini na kurudia INR mapema, na duka halina kipimo hicho.

Tena, pakiti ya warfarini ibandikwe karatasi ya Kiswahili inayotaja dawa zinazogongana nayo, kama hizo, kwa majina ya dukani. Mama anayeijua Flagyl ukimwandikia "metronidazole" hujamwambia kitu.

Nitashukuru ukinijibu hadharani, maana wenye valvu kama ya dada yangu nao wanasoma.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Ndugu wa mgonjwa