Oili ya injini haipimwi kwa kilomita pekee

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwazungumzie wenye magari wenzangu, pamoja na mafundi wanaotuhudumia, kuhusu jambo ambalo wengi wetu tumeliachia stika ndogo inayobandikwa pembeni mwa kioo cha mbele: ni lini hasa oili ya injini inapaswa kubadilishwa.

Nina pikapu ambayo kila alfajiri hubeba maziwa kutoka upande wa Dundori hadi hapa Nakuru. Mwaka uliopita niliipeleka katika gereji moja, fundi akamwaga oili ya zamani, akatia mpya, kisha akaandika kwenye stika kwamba nirudi baada ya kilomita 10,000. Hakuniuliza gari linafanya kazi gani, nami sikumuuliza ametia oili ya aina gani. Kabla sijafikisha kilomita 7,000 injini ilianza kugonga kila nilipoiwasha asubuhi. Fundi wa pili alipofungua kifuniko cha juu tulikuta utando mweusi umeganda kila mahali, naye alipoukwangua kwa bisibisi ulibaki umening'inia kwenye ncha kama grisi. Dipstiki, kijiti cha kupimia kiasi cha oili, nayo ilitoka kavu. Matengenezo yalinigharimu zaidi ya shilingi 60,000, na kwa siku tisa maziwa ya majirani yalisafirishwa na watu wengine.

Magari mengi tunayoendesha yaliletwa kutoka Japani yakiwa yametumika, na vitabu vyake vya maelezo, kwa kuwa vimeandikwa Kijapani, huishia kutupwa au kusahaulika ndani ya dashibodi. Hiyo ni hasara kubwa. Utaratibu ambao Toyota huwapa wateja wake wa Japani kwa injini nyingi za petroli zisizo na tabocharja (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) ni kubadilisha oili kila kilomita 15,000 au mwaka 1, kutegemea kitakachotangulia. Lakini utaratibu huohuo hushuka hadi kilomita 7,500 au miezi 6 kwa gari linalofanya kazi ngumu. Kazi ngumu yenyewe imefafanuliwa: kupita barabara mbovu mara kwa mara, kupanda na kushuka milima, kurudia safari fupi za kilomita 8 au pungufu, au kutembea zaidi ya kilomita 20,000 kwa mwaka. Ni nani kati yetu, kuanzia Molo hadi Kakamega, asiyeguswa na hata moja ya hizo? Tena hesabu hiyo ni ya oili ya kiwango kilichopendekezwa na mtengenezaji, wala si ya kila oili inayopimwa kutoka kwenye pipa. Ndiyo maana desturi ya mafundi wengi ya kubadilisha oili ya kawaida kila kilomita 5,000 naiona kuwa ya busara, ingawa oili ya sinthetiki, yaani iliyoundwa kwa kemikali, inaweza kuhimili zaidi.

Linalosahaulika zaidi ni muda. Mwalimu anayeendesha gari kutoka mtaa wa Section 58 hapa Nakuru hadi katikati ya jiji na kurudi anaweza kumaliza mwaka bila kufikisha kilomita 4,000, akaamini kwamba oili yake bado ni mpya. Petroli inapoungua hutoa mvuke wa maji, na sehemu ya mvuke huo, pamoja na petroli kidogo isiyoungua, hupenya hadi kwenye oili. Katika safari ndefu, kwa mfano kutoka Nakuru hadi Kisumu, injini hupata joto la kutosha na unyevu huo hukauka. Katika safari ya dakika kumi haukauki. Hujilimbikiza, hutengeneza asidi, na viungo vinavyotiwa kwenye oili ili kuzuia kutu na uchafu huisha nguvu. Gari la namna hiyo libadilishiwe oili kila baada ya miezi 6 hata kama kilomita ni chache.

Kwa upande wangu kosa lilikuwa jingine. Mimi husimama kwenye malango zaidi ya ishirini kila asubuhi, injini ikiunguruma huku mikebe ikipakiwa, na mita ya kilomita haihesabu hata dakika moja ya kusimama huko. Ukiongeza vumbi, mzigo na mlima, kilomita 7,000 za pikapu yangu zilikuwa kazi kubwa kuliko kilomita hizohizo za gari la barabara kuu.

Wengine hutazama rangi. Oili kuwa nyeusi peke yake hakuonyeshi kwamba imekwisha, kwa sababu kazi yake mojawapo ni kubeba masizi na uchafu mpaka kwenye filta. Ikionekana nyeupe kama chai ya maziwa, hapo maji yameingia, na gari lisiendeshwe mpaka fundi alikague. La muhimu zaidi ni kiasi. Mara moja kwa wiki, gari likiwa mahali tambarare na injini ikiwa imezimwa kwa dakika chache, chomoa dipstiki, ipanguse, irudishe hadi mwisho, uichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Injini iliyozeeka hula oili, na hakuna stika itakayokuambia hivyo.

Kwa mafundi wetu nina ombi moja. Kabla ya kuandika kilomita, mwulizeni mwenye gari analitumia wapi na kwa kazi gani, kisha andikeni aina ya oili mliyotia, tarehe, na kama filta imebadilishwa. Kutia oili mpya na kuacha filta ya zamani ni kurudisha uchafu uleule ndani ya injini.

Stika iliyo kwenye kioo changu sasa nimeiandika mwenyewe: oili ya 5W-30 (kipimo cha uzito wake), filta mpya, kilomita 5,000 au miezi 4.

Mwenye pikapu,
Nakuru