Zuwena, saruji msiiguse

Ioannina, 28 Septemba

Shoga yangu Zuwena,

Asalaam aleikum. Salamu ndefu baadaye. Picha za nyumba ya bibi yake shemeji zimefika, na katika maneno yako yote limenikaa moja: saruji. Nakuomba, huyo fundi anayetaka kupiga lipu ya saruji kuta zote "ili baridi isiingie" asianze. Kama keshaleta mifuko, ajengee banda la kuku.

Ukuta wa Mikro Papingo, kijiji chenu hicho cha milimani Ugiriki, ni kuta mbili za mawe zilizopeana mgongo, katikati kifusi na udongo, unene kama sentimita 60 hadi 80. Kila kimo cha mita moja hivi zimelazwa mbao ndani yake, za kuufunga usifunguke ardhi ikitikisika. Wenyewe huziita xylodesia. Ukuta wa namna hii hunywa maji, kisha huyatoa polepole kwenye maungio ya chokaa. Ukiuziba kwa saruji, yaliyoingia hayana pa kutokea. Mbao zinaoza humo ndani bila mtu kujua, na usiku wa Januari maji yanaganda, yanavimba, lipu inabanduka na uso wa jiwe pamoja. Mambo yale yale ya Mji Mkongwe, ila kwetu chumvi ndiyo inayoumega ukuta, huku barafu. Fundi Haji angeziona picha zako angelia.

Na hata hivyo ukuta si mgonjwa. Tazama picha ya tatu, upenuni, juu ya lile doa jeusi: mabamba mawili ya mawe ya paa yameteremka. Maji yanatoka hapo.

Paa hilo linashikwa na uzito wake mwenyewe. Mabamba makubwa na mazito huwekwa chini upenuni, yanapungua kadiri unavyopanda, na kila safu inafunika maungio ya safu iliyo chini yake, kama magamba ya changu. Bamba la mita moja kwa moja, nene sentimita 4, linapita kilo 100, na kwa kuwa yanapandana, kila mita ya mraba ya mbao inabeba karibu mara mbili ya hapo, theluji bado. Kwa hiyo bamba likiteremka, usilaumu jiwe kwanza. Chukua bisibisi uchome makombamoyo, ile miti ya paa iliyo chini yake. Ncha ikizama kama kwenye keki, mti umekwisha. Ukirudisha bamba juu yake litateremka tena, safari hii labda na mtu. Wala msiyagandishe kwa saruji! Mabamba hutanuka na kusinyaa kwa jua na baridi, saruji inapasuka nyufa nyembamba zinazofyonza maji, na siku ya kuyabandua yanavunjika. Mabamba mazima ya zamani ni mali, yasitupwe hata moja.

Kwa sasa fanyeni kidogo tu. Turubai juu ya pengo, lifungwe kwa kamba na mawe, msipigilie misumari. Ondoeni majani na udongo uliojikusanya nyuma ya nyumba ukagusa ukuta, mchimbe mfereji wa kupeleka maji pembeni. Basi. Chokaa haishiki joto likishuka chini ya nyuzi 5, na kwenye mita 900 na zaidi usiku wa Oktoba haucheki na mtu. Wale waashi wa zamani kutoka vijiji vya Konitsa walitoka Aprili, Mtakatifu George, wakarudi kwao Oktoba, Mtakatifu Dimitrios. Hawakuwa wavivu, walijua chokaa. (Walikuwa pia na lugha yao ya siri, Koudaritika, kama kinyume chetu, wamsengenye mwenye nyumba mbele yake.)

Sasa kazi ya mwezi wa Mei, kujaza upya maungio ya ukuta. Chokaa iliyozimwa na kulowekwa, ndoo moja. Mchanga wa mtoni uliooshwa, wenye chembe kali, ndoo tatu. Mchanga laini mno hupasua. Kwangueni maungio kina cha sentimita 2 au 3, kwa mkono, si kwa grainda. Lowesheni ukuta tangu jana yake, la sivyo jiwe kavu litanyonya maji yote na chokaa itabaki unga. Jazeni, mkandamize, na ikianza kukaza mpige kwa brashi ngumu. Kisha magunia mabichi siku nne tano, jua lisiiwahi. Panapohitaji unene, wekeni tabaka mbili.

Paa lenyewe halibadilishwi bila kibali cha ofisi ya ujenzi. Vijiji vya Zagori, na chenu kimo, ni makazi ya jadi kisheria, na tangu 2023 vimo kwenye orodha ya UNESCO. Anayesema "mabati kwanza, kibali baadaye" hatalipa yeye faini. Na mkumbuke zile kona za barabara ya kutoka kijiji cha Aristi: lori refu halipiti kirahisi, na gari huishia mlangoni mwa kijiji. Mzigo uliobaki ni wa nyumbu au mabega, uingie kwenye hesabu.

Mwambie Rukia alevropita yake, ile pai ya unga ya huku, inakuwa mkate kwa sababu uji ni mzito. Uwe kama wa chapati za maji, na sinia iwe imeshika moto pamoja na mafuta kabla ya kumimina.

Sasa nijibu: makombamoyo ni ya mti gani, na yamechomwa bisibisi au bado? Sakafu ya juu inainama upande ule ule wa doa? Nani ana funguo za ghala, maana bibi hakosi kuwa na mabamba ya akiba humo? Shemeji amekubali kungoja Mei, au bado yuko na yule fundi wake? Na wewe goti lako vipi?

Nipigie leo, kabla hajachanganya ndoo ya kwanza.

Wako,
Mgeni