Kwa wanangu wa kazi ya masoko na matangazo mliofika maleleji

Wadogo zangu, wanangu,

Simu zenu huja usiku, watoto wakishalala. Hakuna anayeanza kwa kusema amechoka. Mnaanza na habari za Tanga, mvua, magoti yangu, halafu ndiyo inakuja: "Shangazi, nina jambo dogo nataka ushauri." Jambo lenyewe halijawahi kuwa dogo. Mmoja ana miaka 39 na watu saba chini yake, na ameshindwa kuandika sentensi moja ya tangazo, wakati zamani alikuwa akiziandika ndani ya daladala pembeni mwa gazeti. Mwingine amerukwa cheo mara ya pili. Wa tatu, bosi wake mpya ana miaka 31 na kila kikao anaongea takwimu ambazo yeye hakuzisomea. Nimeona niwajibu wote kwa pamoja, maana ninayoyasikia ni maradhi yaleyale.

Babu yangu alikuwa na jahazi Pangani. Kati ya kaskazi na kusi huingia maleleji, upepo hauna msimamo, leo huku kesho kule, na vyombo haviendi mbali. Utotoni nilidhani hizo ndizo siku za mabaharia kupumzika. Kumbe ndizo zilizokuwa na kazi kubwa: jahazi linavutwa pwani, linakwanguliwa, linatiwa kalafati kuziba nyufa, linapakwa sifa, yale mafuta ya papa, mpaka mtaa mzima unanuka. Nimelikumbuka hilo kwa sababu mnajihukumu kana kwamba chombo kimezama.

Mimi yalinikuta mwaka 2004, nina miaka 42, niko kiwanda kimoja cha sabuni Dar es Salaam. Nilianza kazi hii redio ikiwa ni RTD, Radio Tanzania Dar es Salaam, peke yake. Mwaka 1994 zilipokuja ITV na Radio One nikajifunza matangazo ya televisheni ukubwani, na nilijifunza kwa raha. Lakini kufika 2004 nilikuwa na ofisi yenye kiyoyozi, vikao vinavyozaa vikao, na taarifa ya mwezi ambayo niliijua kabla sijaiandika. Mauzo yameganda. Cheo nilichokingoja amepewa mwingine. Asubuhi nilikaa ndani ya gari pale maegeshoni dakika ishirini, natafuta sababu ya kushuka.

Siku moja, kwa hasira tu, sikwenda ofisini. Nikaenda Tandale, kwenye duka la mzee mmoja niliyemfahamu tangu enzi nikiuza kwa katoni, nikaomba kigoda. Nilikaa mpaka adhuhuri. Miaka tisa nilikuwa natengeneza matangazo ya sabuni ile, na sikuwahi kukaa nikaitazama inavyonunuliwa. Kina mama hawakununua mche mzima, walinunua kipande. Mzee anauweka mche kaunta, anaupima kwa jicho, anaupitisha waya mara tano, vinatoka vipande sita, kimoja anakifunga kwenye karatasi ya gazeti. Sasa jina letu lilikuwa limegongwa mara moja tu, katikati ya mche. Vipande viwili viliondoka na herufi zilizokatika, vinne viliondoka vitupu. Akaja mama mmoja amebeba mtoto, akasema, "Nipe ile ya juzi, ile ngumu isiyoyeyuka haraka." Ilikuwa ya kwetu. Aliipenda, na hakujua inaitwaje. Na sisi tulikuwa tumelipia mabango ya barabarani mji mzima.

Nilirudi ofisini na vumbi miguuni. Ilichukua miezi kuwashawishi watu wa uzalishaji, ila hatimaye jina likagongwa mara sita, kila kipande kikatoka na lake. Cheo sikupata mwaka ule. Lakini kesho yake ya siku ile ya Tandale, asubuhi, nilishuka garini bila kutafuta sababu.

Nami naamini hapo ndipo mlipokaukia, wanangu. Mmeachana na mnunuzi. Kila mlipopanda ngazi mlisogea hatua moja mbali na kaunta, mpaka sasa mteja mnamjua kwa slaidi za mtafiti na majedwali ya kampuni ya matangazo. Kazi hii inaishi kwa kuwadadisi watu. Likizo ya wiki mbili Zanzibar itakupumzisha mwili, lakini udadisi utakuwa umelala palepale ulipouacha.

Basi nendeni. Sisemi ile ziara ya fulana za kampuni na kupiga picha, ambayo wakala keshapigiwa simu apange bidhaa. Nenda peke yako, siku ya kazi, kaa kwa muda wa saa tatu. Anayeuza bima akae kijiwe cha bodaboda. Anayeuza vifurushi vya intaneti akae na wakala chini ya mwavuli, ahesabu wangapi wanaweka shilingi 500. Usikimbilie kuuliza maswali. Tazama kwanza.

Huyo bosi wa miaka 31, mwombe akufundishe. Nasema kwa moyo wangu wote, mfuate ukamwombe. Namna matangazo ya mtandaoni yanavyonunuliwa kwa mnada utaielewa ukikaza miezi michache. Yeye kuelewa kwa nini mama wa Mbagala ananunua mafuta ya kupima na si ya chupa kutamchukua muda mrefu zaidi, na atamhitaji mtu wa kumweleza.

Kuhusu kuacha kazi ukafungue ofisi yako, sikukatazi. Ila notisi kisheria ni siku 28, na mkopo wako wa gari ni wa miaka mitano. Usiandike barua hiyo mwezi ule ule uliorukwa cheo. Aliye na miaka 42 ana 18 mpaka kustaafu kwa lazima. Muda upo wa kupanga vizuri.

Na cheo kisiwatoe machozi kiasi hicho. Waliopaka kuta za nchi hii rangi za kampuni ya simu ya Celtel waliweka Zain mwaka 2008, na 2010 wakaweka Airtel. Mwaka 2024 Tigo nayo ikawa Yas. Majina makubwa kama hayo yalifutwa ukutani, na mafundi walewale wakaendelea kuitwa kazini, kwa sababu walijua kazi.

Lile duka la Tandale bado lipo, sasa analiendesha mwanawe. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao nakuja Dar, na nimeshamwomba vigoda vinne. Kuanzia saa tatu asubuhi nitakuwa pale. Atakayeweza aje na ndala, na simu aizime.

Shangazi yenu,
Ngamiani, Tanga